Kabla Hujanunua Nyumba ya Tarantula, Tazama Kifuniko

Tarantula wetu, buibui mkubwa mwenye manyoya, alikufa usiku, na kilichomuua ni kifuniko.

Alikuwa jike la Brachypelma hamorii, yule wa Mexico mwenye magoti ya rangi ya chungwa, zawadi ya mwanangu kwa kufaulu vizuri shuleni. Nilimnunua pamoja na tangi la kioo la sentimita 30 kila upande, juu lina wavu wa chuma. Boksi lilikuwa na picha ya tarantula, nami nikaridhika. Wiki ya tatu, alfajiri, nikasikia, "Mama, njoo umwone." Alikuwa kando ya kibakuli cha maji, tumbo limepasuka. Mguu wake mmoja ulibaki juu, unaning'inia, ukucha umenasa kwenye wavu.

Tangu siku hiyo, ndugu na marafiki hapa Minnesota wakiniuliza wanunue tangi gani, siwaambii habari za urembo, taa wala mapango ya plastiki. Nawauliza swali moja: kifuniko ni cha nini?

Tarantula ana kucha mbili ndogo kwenye ncha ya kila mguu, na chini yake vinyweleo laini vinavyomwezesha kutembea juu ya kioo. Kwenye kioo au plastiki hana shida. Akifika kwenye wavu, kucha huingia katika vitundu na kunasa. Yeye ni mzito, hasa jike aliyeshiba, kwa hiyo uzito wote wa mwili huvuta ule mguu mmoja. Mguu ukikatika si mwisho wa maisha, maana huota tena anapojivua ngozi. Kifo kiko kwenye kuanguka. Ngozi ya tumbo ni nyembamba, na tarantula hunyoosha miguu yake kwa mgandamizo wa damu, si kwa misuli peke yake. Damu ikimwagika, miguu hujikunja na hawezi kusimama tena. Jike wa aina hii angeweza kuishi zaidi ya miaka 20. Wetu alikaa nasi siku 19.

Na kwa nini alipanda juu, ilhali ni buibui wa ardhini? Hapo ndipo udongo unapoingia, na ndiyo sababu sikubali kuviongelea vitu hivi viwili mbalimbali. Nilikuwa nimeloweka nyuzi za nazi, ambazo hutandikwa kama udongo, nikazikamua kidogo, nikazitandika zingali mbichi. Tarantula wa nchi kavu hawapendi kukanyaga majimaji. Akiwekwa juu ya udongo ulioloa atashika kuta na kukaa juu hadi ukauke. Udongo wangu ulimfukuza chini, kifuniko kikamnasa juu, na kwa vile nilikuwa nimetandika sentimita 7 tu, aliporomoka zaidi ya sentimita 20 hadi kwenye ukingo wa kibakuli cha udongo wa kufinyanga.

Kanuni inayofuatwa na wafugaji wengi ni hii: kutoka juu ya udongo hadi kwenye kifuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui akiwa amenyoosha miguu. Mimi sasa nataka urefu uwe sawa na upana wake, basi.

Kwa hiyo, kati ya nyumba za tarantula, nafasi ya kwanza naipa Tarantula Cribs bila kusita. Ni visanduku vya akriliki, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Hewa inapita kwenye matundu madogo yaliyotobolewa katika akriliki yenyewe, hakuna wavu wa kunasa ukucha. Unaweza kujaza udongo mpaka nusu na zaidi, na buibui unamwona vizuri. Ni ghali, nakubali, na akriliki inachubuka. Usiisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia wala kwa spiriti, itapata nyufa ndogondogo. Maji ya vuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Ndani kukiwa na unyevu mwingi kifuniko cha akriliki kinaweza kupinda, kwa hiyo kila mwezi pitisha kidole pembeni uone kama pana mwanya. Ninavyo viwili, na cha tatu nikikipata nitakinunua.

Nafasi ya pili ni matangi ya Exo Terra, kwa sharti. Kioo chake ni kizuri, milango inafunguka mbele, lakini juu ni wavu. Sharti lenyewe ni kuondoa ule wavu na kuweka bamba la akriliki lililokatwa kwa kipimo, likatobolewa matundu. Mafundi wa vioo wanakata kwa dakika chache. Hata hivyo milango ya mbele inakuzuia kujaza udongo mwingi, ndiyo maana kwa tarantula wa ardhini siipendekezi. Mnunulie anayeishi mitini, kama Caribena versicolor wa Martinique, ambaye ni mwepesi na anahitaji urefu, gome la mti la kupandia na hewa ya kutosha. Ukiwa na mtoto wa buibui, wale wadogo kama punje ya mchele, usimweke humo kabisa. Matundu ya kupitishia nyaya na nafasi kati ya milango yatamtoa nje usiku wa kwanza.

Makopo ya plastiki ya kuhifadhia chakula yanafaa kwa hao wadogo. Toboa kutoka ndani kwenda nje ili ncha kali zibaki nje. Sina zaidi la kusema juu yake.

Sasa udongo. Ninaoutumia ni Eco Earth wa Zoo Med, nyuzi za nazi zilizobanwa kama tofali. Tofali moja likiloweshwa hutoa kama lita 7 hadi 8. Silitumii peke yake: nyuzi zikikauka huwa nyepesi na shimo linabomoka. Nachanganya nusu kwa nusu na udongo wa juu wa kawaida usio na mbolea wala dawa, naacha mchanganyiko ukauke siku kadhaa kwenye beseni, kisha naushindilia kwa ngumi. Maranda ya mwerezi na msonobari usiyaguse, mafuta yake yanadhuru. Kokoto na mchanga mtupu havifai, wala udongo wa maua wenye mbolea. Mkeka wa joto usiuweke chini ya tangi. Tarantula akisikia joto kali huchimba kwenda chini kutafuta ubaridi, na huko chini ndiko kwenye moto. Hata katika baridi za hapa, chumba tunachokaa sisi bila koti kinamtosha.

Na bei za hizi nyuzi zinaniuma. Mimi nimekulia Tanga, ambako makumbi yanalundikana nyuma ya nyumba mpaka yanachomwa moto. Huku tofali la duka la wanyama, lenye picha ya mjusi, nililipata kwa bei inayokaribia mara mbili ya lile la duka la bustani, na yote mawili ni nazi. Ukinunua la bustani soma karatasi yake neno kwa neno, lisiwe limetiwa mbolea. Lakini mtu asinitumie makumbi ya nyumbani, kama shangazi yangu alivyotaka kufanya kwa mapenzi yake. Makumbi ya kutolea usumba, nyuzi za kusokotea kamba, hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi mingi ili yalainike, na chumvi ile hubaki ndani.

Duka lililoniuzia lile tangi nililipigia simu. Nikaambiwa hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Nikauliza kwa nini wanaweka picha ya tarantula juu ya kitu chenye wavu. Wakanipa punguzo la taa, ambayo tarantula haihitaji.

Neno kwa wanaotaka buibui wa kwetu. Pelinobius muticus, jitu la rangi ya kutu kutoka Kenya na Tanzania, ni mchimbaji kwelikweli. Miguu yake ya nyuma ni minene, imepinda. Anataka udongo wa sentimita 25 au 30 ulioshindiliwa, na wauzaji wanamweka kwenye tangi la sentimita 8 za nyuzi ili wateja wamwone. Humo hukaa amesimama akitishia siku nzima kwa kukosa pa kujificha, halafu wanasema ni mkali. Yule wa rangi ya chungwa anayeuzwa kwa jina la Usambara, Pterinochilus murinus, ana mbio na anauma vibaya; asiwe wa kwanza kwa mtu yeyote, na kisanduku chake kiwe na kufuli.

Mwanangu sasa ana jike jingine la hamorii, upana sentimita 13. Kisanduku kina kimo cha sentimita 30, udongo 17. Kabla ya kulala anapima kwa rula.