Maua ya kutambaa: yapi ya kununua, yapi ya kuacha kwa muuzaji

Wauza miche wa kando ya barabara hutanguliza mbele kilichochanua siku hiyo. Wewe tazama kwanza hali ya hewa ya kwako na mahali mmea utakapojishikia. Rangi ifuate baadaye.

1. Bogenvilia. Kwa ukuta unaopata jua saa sita au zaidi kwa siku, hakuna inayoishinda, iwe Mombasa au Nairobi. Haijishiki yenyewe, kwa hiyo tenga pesa ya waya na kamba za kufungia. Sehemu yenye rangi ni majani. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Ikistawi majani ya kijani matupu bila rangi, mara nyingi sababu ni maji mengi, urea au kivuli. Mmea ukishashika, subiri udongo ukauke ndipo umwagilie. Kiu kidogo huusukuma kuchanua. Maua hutoka kwenye matawi machanga, hivyo kila yanapopukutika fupisha matawi ya pembeni, ubakize macho (vifundo vya kuchipulia) mawili au matatu. Chipukizi nene linalochomoka wima bila ua, likate hadi shinani.

Bogenvilia yenye rangi mbili kwenye shina moja imebebeshwa, yaani tawi la mmea mmoja limeunganishwa kwenye shina la mwingine. Tafuta kovu la kiungo. Kinachochipua chini yake kiondoe, la sivyo kitaimeza rangi nyingine.

2. Combretum indicum. Hii ndiyo ya baraza za pwani. Hufunguka nyeupe jioni, hunukia usiku, kisha hugeuka waridi na hatimaye nyekundu. Huchipua hata mbali na shina. Ng'oa machipukizi hayo yakiwa bado mepesi.

3. Pyrostegia venusta. Rangi ya machungwa, hupendeza Nairobi na Arusha wakati wa baridi. Ipogoe mara tu maua yanapokwisha. Ukisubiri hadi karibu na msimu unaofuata, utakata matawi yaliyokuwa yachanue. Hujishika kwa vikono, basi iweke mbali na miti unayoipenda.

4. Petrea volubilis. Zambarau safi, majani yanakwaruza kama msasa. Hukua polepole, ni ya mwenye subira.

5. Clematis. Zile za maua makubwa za bustani za Ulaya hutaka mizizi kwenye ubaridi. Pwani ni kutupa pesa. Nyanda za juu kuna ya kwetu ya porini, Clematis simensis, yenye maua madogo meupe.

6. Thunbergia grandiflora. Ua la buluu la kuvutia, na hukua upesi mno. Hupanda paa, hufunika miti, na viazi vyake ardhini huchipua upya ukishakata. Huko Queensland, Australia, ni gugu linalopigwa vita. Usiinunue.

Kabla ya kulipa, inua kiriba, yaani kile kifuko chenye mche. Kikikataa kubanduka, mizizi imeshatoboa na kuingia ardhini. Ikikatwa, mche utanyauka siku chache baadaye. Chukua mfupi wenye matawi matatu, uache mrefu wa tawi moja hata kama umechanua.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani, maana udongo wa msingini ni mkavu na umejaa mabaki ya saruji. Changanya debe moja la samadi iliyooza. Chana kiriba kwa wembe bila kupukuta udongo. Mizizi ya bogenvilia hukatika upesi. Nyosha waya kila sentimita 40, ziwe sentimita tano mbali na ukuta, na uzifunge kabla ya kupanda.