Mtaala wa kuandika wa dola 19: mwaka mmoja wa kuutumia nyumbani, Lamu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Mtaala wenyewe ni faili moja la pdf la dola 19, na siku niliyolipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa nilikatwa kama shilingi 2,500. Hakuna kitabu cha kusafirishwa, hakuna video, hakuna ada ya kila mwezi. Ni kazi ya wiki 36, siku nne kwa wiki, dakika 15 hadi 20 kwa siku. Jina silitaji. Nina malalamiko nao mawili matatu, na isitoshe mitaala ya namna hii ni mingi na yote ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nitakayoyasema huenda yakakufaa hata ukinunua wa mtu mwingine.

Mimi si mwalimu. Nashona kofia, naishi Langoni, na wanafunzi wangu ni wawili: mvulana wa miaka kumi na dada yake wa miaka saba. Tuliamua kuwasomesha nyumbani kwa sababu za afya ya huyo mkubwa, nazo sitaziingilia hapa. Nitasema tu kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, kwa hiyo anayeiwazia njia hii asikurupuke. Aisome sheria kwanza.

Hesabu zilinyooka mapema. Kilichonishinda ni kuandika. Nikimwambia kijana aandike "siku yangu baharini", anakaa na kalamu mdomoni nusu saa, kisha anaandika mistari miwili na kusema amechoka. Nilikuwa nimeshalipia mtaala mwingine kabla ya huu, wa video, bei yake mara saba. Mwalimu wa kwenye video anapendeza na anajua kazi yake, ila kila somo lilikula bando la wiki, na mwanangu aliishia kumtazama mwalimu akiandika badala ya kuandika yeye. Tuliuacha mwezi wa pili.

Huu wa dola 19 hauna mapambo. Jumatatu mtoto ananakili sentensi moja au mbili kwa mwandiko safi. Jumanne mzazi anamsomea kifungu kifupi, anamuuliza maswali matatu, halafu mtoto anasimulia alichosikia kwa maneno yake, na mzazi ndiye anayeandika. Jumatano mtoto ananakili sehemu ya yale aliyoyasema mwenyewe. Alhamisi ni imla. Wiki inayofuata, ni yale yale kwa kifungu kingine.

Mwanzo nilihisi nimeibiwa. Dola 19 kwa kunakili! Nilipoanza kusoma kuhusu njia hii nikakuta chimbuko lake ni Mwingereza Charlotte Mason, mwalimu aliyefariki 1923. Yeye alitaka masomo mafupi, na aliona heri mtoto aandike herufi chache vizuri kuliko kujaza ukurasa kwa makosa. Insha alitaka isubiri mpaka mtoto akaribie miaka kumi. Kabla ya hapo asimulie kwa mdomo. Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria. Mtoto anayeandika insha anafanya kazi mbili kwa mpigo: anatafuta la kusema, na papo hapo anahangaika na herufi, nukta na mstari. Kunakili kunamfunza mkono peke yake. Kusimulia kunamfunza ulimi na akili peke yake. Hapo ndipo nilipoelewa ile kalamu mdomoni.

Mama mkwe wangu hakuhitaji Mwingereza kumweleza. Alhamisi moja alinikuta darini nikimsomea binti yangu sentensi ya imla polepole, neno baada ya neno, mtoto kainamia daftari. Akauliza, "Hili nalo hununuliwa?" Kisha akanikumbusha Mwana Kupona wa Pate, ambaye mwaka 1858, hali mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia, na mapema tu katika beti zake anamwita binti aje akae mbele yake na wino na karatasi. Mama anasema, binti anaandika. Nilicheka, lakini nilikuwa nimeshalipa.

Sasa malalamiko. Vifungu vyote ni vya Kiingereza, na dunia yake ni ya Marekani: theluji, kindi, maboga ya sikukuu. Binti yangu alinakili sentensi nzuri kabisa kuhusu theluji inayoanguka kwenye paa, akaniuliza kama theluji inavuja. Kwa somo la Kiingereza haidhuru, na wiki za mwanzo tulizifuata hivyo hivyo. Lakini mimi nilitaka waandike Kiswahili pia, kwa hiyo kuanzia wiki ya tano nilibakiza utaratibu na kubadilisha vifungu. Nilichukua hadithi fupi za Kiswahili kutoka African Storybook, ambazo zina leseni huria, yaani unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa bure. Kwa mkubwa nilitumia ngano za nyumbani, akaangukia kisa cha Fumo Liyongo. Jumanne aliyosimulia kifo chake, jinsi shujaa alivyofia kisimani amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, niliandika ukurasa mzima na mkono ukaniuma. Huyu ni yule yule wa mistari miwili.

Hapa ndipo lilipozuka jambo ambalo hakuna mtaala wa Marekani utakaokuandalia. Mwanangu anasimulia kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Anasema *mayi*, *ndia*, *mato*, na mimi nimeshika kalamu. Niandike maji, njia, macho? Au niandike alivyosema? Mtaala unasisitiza uandike maneno ya mtoto mwenyewe, nami nakubaliana nao, kwani ukishaanza kumsahihisha katikati anafunga mdomo. Nilichoamua ni hiki: Jumanne naandika kama alivyotamka, Jumatano ananakili kwa Kiswahili sanifu, na matoleo yote mawili yanakaa kwenye daftari, moja kushoto moja kulia. Sikumwambia la kushoto ni kosa, na wala silioni hivyo. Tendi zetu kongwe zimetungwa kwa lahaja hizi za huku. Nilimwambia kitabuni huandikwa la kulia. Amelishika vizuri, hata kupita kiasi. Alipogundua kwamba *y* yetu mara nyingi huwa *j* kitabuni, aliniandikia kwamba kuku ametaga majai.

Imla nayo inataka kufikiriwa upya. Kwa Kiingereza, tatizo la mtoto ni jicho: neno halisomeki lilivyoandikwa, kwa hiyo Mason alitaka mtoto akitazame kifungu kwanza, ayakariri maneno magumu kwa macho, ndipo asomewe. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na binti yangu wa miaka saba hukosea herufi mara chache sana. Anachokosea ni mipaka ya maneno. Anaandika "wali ingia", "ana soma", "hata kuja" akimaanisha hatakuja. Tena si yeye peke yake. Piteni tu kwenye ujumbe wa simu wa watu wazima. Kingine ni *ng'* na *ng*: ng'ombe anapoteza ile alama yake ya juu kila wiki. Kwa hiyo imla yangu ya Kiswahili siku hizi naitunga kwa makusudi, kila sentensi ina kitenzi kirefu kimoja na ng'ombe mmoja. Dh na th hazimsumbui hata kidogo, nadhani kwa sababu ya madrasa. Madrasa hiyo hiyo ndiyo iliyomzoesha kuanza daftari kutoka upande wa kulia, na kwa miezi miwili daftari lake la imla lilikuwa na mwanzo pande zote mbili.

Uchapishaji ndio ulionitia hasara, na hapa nawaomba msome polepole. Mtaala una ukurasa mmoja wa mtoto kwa kila siku, yaani kurasa 144 kwa mwaka. Mahali ninapochapisha ni shilingi 10 kwa ukurasa mweusi, kwa hiyo ni 1,440 kwa mtoto mmoja na 2,880 kwa wawili. Uchapishaji umeupita mtaala wenyewe kwa bei! Juu ya hayo, aliyeutengeneza ameweka rangi ya mandharinyuma kila ukurasa, ikichapwa nyeusi inakuwa kijivu na mtoto haoni mistari. Na karatasi yao ya Marekani ni pana na fupi kuliko A4 yetu, kwa hiyo usipomwambia kijana wa saiba apunguze ukurasa uingie kwenye A4, pembeni hukatwa. Yangu ya kwanza yalikatwa, kila sentensi ikapoteza herufi ya mwisho. Niliwaandikia barua pepe kuuliza kama wana toleo lisilo na rangi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la upole, kwamba hawana.

Niliacha kuchapa. Sasa nafungua faili kwenye simu, naandika mstari wa mfano kwa biro juu ya ukurasa wa daftari la kawaida, mtoto ananakili chini yake. Inanichukua dakika tano usiku, wakati nimeshaweka kofia pembeni. Mwandiko wangu ilibidi uwe mzuri kwanza, na hilo lilikuwa somo langu mimi.

Kuhusu umri, msidanganyike na maneno ya tangazo kwamba unafaa miaka 6 hadi 12. Kwa binti yangu umetosha kabisa: mwandiko umetulia, herufi kubwa na nukta zinakuja bila kukumbushwa, na anasimulia bila kurukaruka. Kwa mkubwa ulitosha miezi mitano au sita tu, ya kumtoa woga. Haufundishi aya. Haufundishi barua wala insha. Wiki ya 36 inafanana na ya 20, kifungu tu ndicho kimerefuka. Pengo hilo nililiziba kwa mtaala wa KICD, taasisi ya serikali ya Kenya inayotunga mitaala ya shule, ambao imeuweka kwenye tovuti yake na unaupata bure. Lugha yake ni ya kiofisi, jedwali juu ya jedwali, lakini sehemu ya Kuandika ya gredi yake inakuonyesha mtoto anatarajiwa kuandika nini, na hicho ndicho mtaala wa dola 19 hauna.

Tulianza na barua ya kirafiki. Nilimwambia amwandikie ami yake Mombasa, barua ya kweli, si ya zoezi. Aliandika aya mbili: ya kwanza kuhusu punda wa jirani aliyekataa kupanda kutoka bandarini na mzigo wa mchanga, ya pili akiomba ndoana za kuvulia. Ami alimjibu kwa mkono, kwenye karatasi, akampa mtu wa basi, bahasha ikafika Mokowe na kuvuka na mashua pamoja na ndoana sita. Kijana aliisoma barua hiyo mara nne akiwa ameketi dakani, kisha akaomba karatasi.

Mwaka wa pili wa mtaala huo huo nao ni dola 19. Nimeangalia kurasa za mfano: kunakili, kusimulia, kunakili, imla. Sitaununua. Wa kwanza bado uko kwenye simu, utaratibu nimeshaujua, na leseni yao ni ya familia moja, kwa hiyo wifi yangu anayetaka kuanza na mwanawe wa miaka sita nimemwambia alipe ule wa kwanza mwenyewe au aje tukae pamoja saa tatu asubuhi, baada ya mahamri, alete daftari. Amechagua kuja.