Swichi za Kibodi: Kabla ya Kulipia Optiki, Uliza Kuhusu Swichi za Akiba

Malalamiko ya wenye kibodi hufanana: ukibonyeza "a" inatoka "aa". Kwenye swichi za mekanika, chanzo huwa ni vibati viwili vidogo vinavyogusana ndani. Vikiingiwa na vumbi, au soda ikikaukia pale, mguso unadundadunda na kompyuta inahesabu mibonyezo miwili. Kibodi husubiri milisekunde chache, mara nyingi 5, mdundo utulie; kibati kikishachafuka muda huo hautoshi.

Swichi ya optiki, yaani inayotumia mwanga, haina vibati. Kitufe kikishuka, mwali wa infraredi unazibwa au kufunguliwa, sensa inasoma. Herufi kujirudia kwa sababu ya mguso mchafu kunaisha. Muuzaji huishia hapo. Asichokuambia ni kwamba taa na sensa kwa kawaida haviko ndani ya swichi, viko kwenye bodi ya umeme ya kibodi. Sensa ikifa, badilisha swichi hadi uchoke, kitufe hakiamki. Na swichi ya optiki ya kampuni moja mara nyingi haikai kwenye bodi ya kampuni nyingine, kwa hiyo modeli ikishaacha kutengenezwa, kitufe kimoja kinakutupia kibodi nzima.

Ndiyo maana chaguo langu namba moja ni mekanika yenye soketi za kuchomeka, ikiwa na swichi za Gateron. Sifichi, naipendelea: swichi yake Nyekundu inabonyezwa kwa nguvu ya takriban gramu 45, inashika ikishuka milimita 2, na inateleza vizuri kuliko ile ya kampuni ya Cherry, MX Red. Herufi ikianza kujirudia, ng'oa kofia ya kitufe, bana swichi juu na chini kwa kibano, ivute wima, chomeka mpya. Kagua pini mbili za chuma kwanza. Moja ikijikunja kitufe kinakuwa bubu, na wengi hudhani bodi imekufa, inyooshe tu. Swichi ya pini 5 ikigoma kuingia kwenye bodi ya pini 3, kata vijiti viwili vyembamba vya plastiki vya pembeni kwa kikata kucha.

Ya pili ni optiki, kwa wacheza gemu. Swichi Nyekundu ya Razer inashika ikishuka karibu milimita 1, hivyo mwenye vidole vizito ataandika herufi asizozikusudia. Isiyo na waya hula chaji zaidi, maana taa za ndani zinahitaji umeme.

Ya tatu ni mekanika ambayo swichi zake zimelehemewa kwenye bodi: kila swichi ikifa, fundi. Za bei ya chini zinazonadiwa kuwa na "hisia ya mekanika" ndani ni mpira. Zipite.

Halafu ile kasi ya "milisekunde 0.2" inayonadiwa kwenye optiki na kupandisha bei! Kibodi nyingi za gemu hupeleka taarifa kwenye kompyuta mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1, kwa hiyo 0.2 hiyo inamezwa humo. Anayekutajia namba hiyo muulize kama ana swichi za akiba za modeli hiyo, na kama anaziuza moja moja.