"Hija ya Kijani": chupa nilipewa, maji ya kujaza sikuyaona

Nimerudi kutoka Makka si muda mrefu uliopita, na kila anayekuja kunipa mkono wa Hija ananiuliza safari ilikuwaje. Ibada, Alhamdulillahi, siwezi kuisimulia nikaimaliza. Ninayotaka kuyaandika hapa yanahusu taasisi iliyotusafirisha, ambayo sitaitaja jina, na hasa ile safari waliyoiita "Hija ya Kijani", ambayo mimi na mume wangu tuliilipia nyongeza juu ya bei ya kawaida kwa sababu tuliyaamini maneno yao.

Na maneno yao yalikuwa mazuri. Katika semina ya kutuandaa, sheikh wao alitukumbusha Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ya Mtume (s.a.w.) kumpitia sahaba wake Sa'd akitawadha na kumkanya israfu, yaani ubadhirifu, ya maji, hata awe kwenye mto unaopita. Akatueleza kwamba katika ardhi ya Haram, eneo takatifu la Makka, mti haukatwi wala mnyama wa kuwindwa hashtuliwi, basi hujaji atawezaje kuiacha ardhi hiyo hiyo imefunikwa na plastiki? Machozi yalinitoka pale nilipokaa. Kisha kila mmoja wetu akakabidhiwa chupa ya chuma yenye nembo ya taasisi, tukaahidiwa kwamba Mina na Arafa, karibu na Makka, ambako mahujaji hukaa siku za Hija, yatakuwapo matangi ya maji baridi ya kujazia.

Madina mambo yalikwenda vizuri, na hapo nawapa haki yao. Walitupeleka Bir Ali, kituo cha nje ya Madina cha kuingilia ihramu, yaani hali ya ibada ya Hija, tukahirimia, kisha badala ya basi tukapanda treni ya Haramain, ile ya umeme iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo mwendo wake hufika kilomita 300 kwa saa. Njia ya kilomita 450 hivi tuliimaliza tukiwa bado na nguvu ya kuleta talbia, ile "Labbaika" ya mahujaji. Laiti safari ingeishia hapo, ningewasifu bila kubakiza.

Mina ndipo palipoharibika. Siku ya Tarwia, mwezi nane Dhulhija, tuliingia hemani, nikaanza kutafuta tangi, sikuliona. Kando ya mlango palikuwa na friji iliyojaa vichupa vya plastiki, na nyuma yake makatoni ya vichupa vingine yamepangwa hadi kimo cha kifua changu. Ni vichupa vidogo vya kufichika kiganjani: mtu anafungua, anapiga mafunda mawili, anakiweka chini, maji yanapata moto, anafungua kingine. Ilipofika Alasiri, godoro langu lilikuwa limezungukwa na vichupa vilivyonyweka nusu, na hakuna aliyejua kipi ni chake. Nami, ili niijaze ile chupa ya chuma niliyopewa kwa ajili ya kuepuka plastiki, ilinibidi nifungue vichupa vinne. Nilipokuwa nafungua cha nne mikono ilinitetemeka, maana niliona ninafanya lile lile nililolipa fedha nisilifanye.

Nikatoka kumtafuta kiongozi wa msafara wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nilimkuta uani, nikamtolea salamu, nikamuuliza kwa upole matangi yako wapi. Hakuitikia salamu. Aliondoa simu sikioni, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwapo: "Mama, umekuja kuhiji au umekuja kuokota takataka?" Watu wawili watatu wakacheka. Nilikuwa katika ihramu, na Qur'ani imekataza mabishano katika Hija, kwa hiyo niliyameza maneno yangu nikarudi hemani. Lakini neno lile halikumezeka, na hadi leo ninapoandika linanikaba.

Asidhani mtu kwamba napuuza kiu. Katika Hija ya mwaka 2024 zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki, joto likiwa limepita nyuzi 50, na wengi wao ni wale wasio na vibali, waliotembea juani bila mahali pa kujihifadhi. Maji lazima yawepo tele, tena kila kona. Ninachosema ni kwamba tangi lenye bomba linamnywesha mtu sawasawa na kichupa. Katika Msikiti Mtukufu wenyewe Zamzam hutolewa kwenye madumu yenye bomba, ingawa bilauri zake nazo ni za kutupwa.

Kutoka Arafa kwenda Muzdalifa tulikaa ndani ya basi lililosimama huku injini ikinguruma, muda mrefu kiasi kwamba wazee walilala. Ipo treni ya umeme ya Mashaair, inayounganisha Arafa, Muzdalifa na Mina, inayofanya kazi tangu mwaka 2010 na kuweza kubeba abiria 72,000 kwa saa, lakini si kambi zote hupangiwa kuipanda, kwa hiyo hilo siwalaumu. Au tuseme nawalaumu kwa jambo moja: wasingeiweka picha yake kwenye kipeperushi chao.

Muzdalifa nilipoinama usiku kuokota vijiwe vya kurushia Jamarati, zile nguzo za Mina, vidole vyangu viligusa vizibo vya chupa kabla ya kugusa kijiwe. Nikakumbuka neno la yule kijana. Nikaviokota, vijiwe kwenye kifuko kimoja na vizibo kwenye kingine, na mume wangu akainama akanisaidia bila kuniuliza kitu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema tu kwamba msisafiri nao. Hata hivyo, tuliporudi hotelini Makka, sheikh aliyetusomesha alikuja mwenyewe, akaketi na sisi, akakiri kwamba maji ya Mina huletwa na wahudumu wa kambi, kwamba taasisi ilitakiwa kuomba matangi mapema, na kwamba hawakuomba. Hakutafuta kisingizio. Alisema wamekosea, na uso wake ulionyesha anaumia. Kwa ajili ya mzee yule, na kwa ajili ya ile treni ya Haramain, nilikuwa tayari kuandika kwamba ni watu wa kuaminika waliopitiwa.

Lakini kila nikifika hapo narudi palepale. Aliyesahau kuagiza tangi amesahau, na binadamu husahau. Aliyemdhihaki hujaji mbele ya watu kwa sababu amedai alichoahidiwa hakusahau kitu. Sisi tumetoka Tanzania, nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, na wauza samaki wetu sokoni walizoea vikapu. Sikuona ninaomba jambo la ajabu.

Mdogo wangu anataka kwenda mwakani, akaniuliza aende na nani. Nimemwambia anaweza kwenda na hao hao, ila kabla hajalipa waandike kwenye mkataba maji ya Mina na Arafa yatatoka kwenye nini, na nani atawajibika yasipokuwapo. Wasipoandika, achukue safari ya kawaida na abebe chupa yake.

Wiki iliyopita taasisi ilinitumia ujumbe kuniomba nitoe ushuhuda pamoja na picha yangu nikiwa nimeshika ile chupa. Nimewajibu kwamba picha nitapiga siku yule kijana atakaponipigia simu kuniomba radhi. Mpaka sasa hajapiga.