TAHADHARI: "Mawakala" wa WhatsApp wanaotuma riali Tanzania kwa bei ya juu

Asalaam aleikum, na habari zenu ndugu wote mlioko Oman. Ujumbe huu ni kwa kila anayetuma mshahara nyumbani mwezi hadi mwezi, na zaidi kwa dada zetu wa kazi za ndani walioko Muscat, Seeb, Barka na Sohar, maana wao ndio wanaowindwa kuliko wengine. Kwenye magrupu yetu wamejaa watu wanaojiita mawakala wa kutuma fedha. Unampa riali hapa, ndugu yako anapokea shilingi Tanzania ndani ya dakika chache. Hakuna foleni, huulizwi kadi ya ukaazi, hakuna makato, na bei ya riali imepita ya duka lolote la kubadilishia fedha. Tafadhali msiwape hela zenu.

Nitaeleza kwa urefu wanavyofanya, kwa sababu wanaolizwa si wajinga. Wengi ni watu makini waliojaribu kwanza na kidogo, wakaona inafika.

Na kweli inafika. Mwezi wa kwanza unatoa riali ishirini za majaribio, mama anapokea Tanga na anakupigia akikuombea dua. Mwezi wa pili unatoa themanini, nazo zinafika. Sasa anaanza kukuita dada au mdogo wangu, anakuuliza mshahara unaingia tarehe ngapi "ili nikuandalie mapema". Hapo tayari anajua kipato chako, siku unayoshika hela na jina la anayepokea. Tena wewe mwenyewe unamwambia shoga yako kuwa fulani ni mwaminifu, na shoga anamleta wa tatu. Anavuta subira mpaka hela ziwe nyingi: ada za shule za Januari, kuelekea Idi, au umekusanya miezi kadhaa ya kuezeka nyumba. Anapokea za watu wengi ndani ya wiki moja, kila mmoja anaambiwa mtandao unasumbua, kisha laini inazimwa na picha ya wasifu inatoweka. Kwa hiyo miezi mitatu ya hela kufika salama haithibitishi chochote kuhusu mtu huyu. Ni gharama yake ya kukupata.

Hiyo ni aina ya kwanza. Ya pili inanisikitisha zaidi, kwa sababu inamwingiza matatani ndugu asiyejua lolote.

Tuchukue kaka yako yuko Morogoro. Umempa wakala riali mia, naye anachukua namba ya kaka yako. Wakati huohuo, yeye au mwenzake yuko kwenye simu na mtu wa Mwanza anayetaka kiwanja, au aliyeahidiwa mkopo wa haraka, na anamwambia alipe kianzio kwenye namba fulani. Namba hiyo ni ya kaka yako. Yule wa Mwanza anatuma akidhani amelipia kiwanja, kaka anapokea akidhani ni mshahara wako, na riali zako mia zinabaki mfukoni mwa tapeli Muscat. Ninyi nyote mnaridhika kwa siku chache. Kisha wa Mwanza anagundua ametapeliwa, anakwenda polisi, na laini inayoonekana kupokea hela yake imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya kaka yako. Wakala hayumo popote kwenye muamala ule. Kaka anaanza kujieleza kituoni, laini au akaunti inafungiwa, na wewe huku huna risiti hata moja ya kuonyesha kwamba ile hela ulidhani ni jasho lako.

Dalili zake zinaonekana ukizitafuta. Hela inaingia kwa vipandevipande kutoka majina tofauti ambayo nyumbani hawayajui. Wakati mwingine anayetuma anapiga simu kuuliza "umepata ile ya kiwanja?" Mwulizeni ndugu yenu leo hii: zile hela za miezi iliyopita, meseji zilionyesha jina la nani?

Sasa kuhusu bei, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anaweza kujihakikishia mwenyewe. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na kiwango chake hakijabadilika tangu 1986: riali moja ni takriban dola 2.60, haipandi wala haishuki. Kinachobadilika ni shilingi yetu dhidi ya dola. Basi angalia bei ya dola ya siku hiyo kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, zidisha kwa 2.60, utapata thamani ya riali. Kwa mfano, dola ikiwa shilingi 2,500, riali inakuwa kama 6,500. Duka halali litakupa chini kidogo ya hapo, kwa sababu nalo linaishi kwa tofauti hiyo pamoja na ada. Akija mtu anakupa 7,200, maana yake kwa kila riali mia anakuongezea shilingi 70,000 kutoka mfukoni kwake. Hakuna mfanyabiashara wa hivyo. Ama hela haitafika, ama itakayofika ni ya mtu mwingine.

Msikubali pia skrinishoti wala karatasi ya benki iliyotumwa kwa WhatsApp kuwa ushahidi. Zinatengenezwa kwa simu. Hela imefika pale anayepokea anapoiona kwenye salio lake, hapo tu. Wanaotuma kwenye akaunti ya benki wajue hili: msimbo wa SWIFT, yaani utambulisho wa benki kimataifa, una herufi nane au kumi na moja, na ya tano na ya sita zinaonyesha nchi, hivyo benki iliyoko Tanzania lazima isomeke TZ hapo. Tanzania haitumii IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa; mtu akikupa "IBAN mpya" ya benki ya nyumbani, amekudanganya. Na ile meseji ya zamani ya "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa inakuja ikivaa nguo za benki: eti akaunti ya mama yako imehamishwa, tumia hii. Usibadilishe hata tarakimu moja kabla hujampigia mama mwenyewe na kuisikia sauti yake.

Najua kwa nini watu wanakimbilia mawakala. Dada anayelipwa mkononi, siku ya mapumziko hana, duka liko mbali, na mtu anakuja mpaka mlangoni. Mwombe bosi akupitishe dukani siku ya mshahara, au akufungulie njia ulipwe benki. Ukiwa na akaunti hapa, iulize benki yako kama inaweza kupeleka kiasi kilekile kila mwezi yenyewe. Jina na namba vinaandikwa mara moja, hakuna mtu wa katikati. Dukani, dai risiti yenye jina lako, jina la anayepokea na namba ya muamala. Ambao kadi zao za ukaazi zimeisha hali yao ni ngumu, na matapeli wanalijua hilo. Wanajua hamtathubutu kwenda polisi. Ubalozi wetu uko Muscat, anzeni hapo kuhusu makaratasi kabla ya kumkabidhi mtu mshahara.

Kama umeshampa na hela haijafika, usimtishie kwenye grupu, atafuta kila kitu. Hifadhi kwanza mazungumzo, sauti, namba na mahali mlipokutana, kisha nenda polisi. Simu ya dharura ya polisi wa Oman ni 9999. Nyumbani, ndugu aliyepokea hela za majina asiyoyajua asizitumie, na asimrudishie yeyote anayempigia na kumpa namba nyingine. Apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, aende kituoni kuchukua RB (namba ya taarifa polisi), na namba za matapeli azitume kwenda 15040. Akienda mwenyewe kabla hajaitwa, maelezo yake yatasikilizwa tofauti kabisa.

Na kama mwisho wa mwezi huu mmeshaahidiana na wakala kukutana, mwambie umeahirisha. Atakupandishia bei ya riali, atakulaumu, atakutumia meseji za watu wanaomshukuru. Mbloku, halafu mpe taarifa yule uliyemuunganisha naye.