Siku Moja Katika Tamasha la Nchi za Jahazi, Zanzibar

Anayekwenda Unguja kwa ajili ya Tamasha la Nchi za Jahazi, tamasha la filamu ambalo wengi tunaliita ZIFF, apange kulala huko huko, kwa sababu akiwahi boti ya alasiri ya kurudi Dar es Salaam atakuwa amekosa kilicho bora. Mchana una mambo yake: mijadala ya watengenezaji wa filamu, filamu fupi na filamu za makala, na anayejifunza kazi hii hatatoka mikono mitupu. Lakini tamasha hasa ni usiku, ndani ya Ngome Kongwe.

Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa, ikawahi kuwa jela, na leo uwanja wake wa maonyesho, wenye ngazi za mawe zilizojipinda nusu duara, ndio ukumbi wa sinema ninaoupenda kuliko wowote nilioingia. Hauna paa. Tamasha huwa msimu wa kusi, na upepo unaopita juu ya kuta hutokea baharini moja kwa moja, kwa hiyo chukua mtandio au sweta, na chukua pia kitu cha kukalia, maana filamu ndefu juu ya jiwe si jambo la mzaha.

Nilikaa ngazi ya nne kutoka chini, pembeni ya bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake na kumlaza juu ya kanga iliyokunjwa mara mbili. Filamu ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza tu. Haikupita muda bibi akaniinamia: “Kasema nini huyu, mwanangu?” Nikamjibu, “Anasema harudi tena nyumbani, bibi.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Maskini, namwonea imani mamake.” Kuanzia hapo nilimnong’oneza kila neno lenye uzito, na wasichana wawili waliokuwa ngazi ya chini yetu wakasogea ili nao wasikie. Watengenezaji wa filamu ile, ambao sitawataja, walikuwa na hadithi nzuri mno kuiacha ipite juu ya vichwa vya watu waliokuwa tayari kuilia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya jina lenyewe. Nchi za jahazi ni pwani yetu, Ghuba, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi, yaani watu waliojuana kwa kufuata pepo za msimu, na Kiswahili kilikua katika safari hizo hizo. Tamasha hili, lililoanzishwa mwaka 1997 na ambalo tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu, limewahi kupeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko idadi yoyote ya wageni mashuhuri. Ndiyo maana napima usiku wa Ngome Kongwe kwa wenyeji: wamekuja, na wamekaa hadi mwisho?

Usiku ule walikaa. Filamu ya pili ilikuwa ya Kiswahili, tena Kiswahili cha mashamba ya Unguja, na ngazi zote zikaangua kicheko mahali ambapo mimi, mtu wa bara, nilibaki nimekodoa macho. Safari hii nikainama mimi. “Bibi, amesema nini?” Akanieleza kwa utulivu, mkono wake ukiwa begani kwa mtoto, halafu akanirudishia uso kwenye skrini kwa ishara ya kidole ili nisikose kinachofuata.

Tulipotoka, bustani ya Forodhani ilikuwa bado ina moshi wa mishkaki, na bakuli la urojo wa moto lilinitosha. Bibi aliniuliza kama kesho yake nitakuwepo. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya boti ya asubuhi, nikaenda kuibadilisha.