Folda ya pamoja au folda ya mtandao?

Kibandani kwangu Lamu, karibu na Mkunguni, kompyuta ni moja tu: Windows ndiyo mwenyeji, na mfumo wa Ubuntu (Linux) uko ndani yake kwa VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kufikirika ndani ya ile halisi. Hati za wateja naziskani upande mmoja na kuzisafisha upande wa pili, kwa hiyo njia ya kuzipitisha naijali sana.

Folda ya pamoja ya VirtualBox haitaki mtandao wowote. Unasakinisha Guest Additions, yaani nyongeza za VirtualBox, ndani ya Ubuntu, unachagua folda (yangu inaitwa hati) na kuwasha Auto-mount, nayo inajitokeza kwenye /media/sf_hati. Kilichonisumbua ni ruhusa. Nilibofya nikakataliwa, nikabofya tena, hola, hadi nilipoandika `sudo usermod -aG vboxsf $USER`, amri ya kujiingiza kwenye kikundi chenye ruhusa ya folda hiyo, nikatoka na kuingia upya.

Folda ya mtandao, kwa SMB, yaani njia ya Windows ya kushirikisha faili mtandaoni, ina kazi zaidi: jina la mtumiaji, nywila, na ngome (firewall) ya Windows iruhusu mlango (port) 445. Ukiwa kwenye NAT, mpangilio wa kawaida wa mtandao wa VirtualBox, mwenyeji unampata kwa anwani 10.0.2.2. Faida yake ni kwamba hata kompyuta nyingine za mtandao huohuo, kwa mwenye nazo, huzifikia faili hizohizo.

Mimi nimebaki na folda ya pamoja. Nakala za vitambulisho na hati za mashamba za watu sitaki zionekane na mashine nyingine yoyote.